Mji Unapoishiwa Fedha



Katika masomo yaliyotangulia tulisoma jinsi kijiji kinavyopata fedha na jinsi kinavyozitumia. Leo tutasoma habari za mji mkubwa wa mbali. Mji huo ni Detroit, katika jimbo la Michigan, nchini Marekani.

Mji mkubwa una fedha nyingi kuliko kijiji. Lakini hesabu yake ni ile ile. Upande mmoja ni mapato, upande wa pili ni matumizi. Dhiki ikiingia, mapato hupungua na matumizi huongezeka. Watu wasio na kazi hawawezi kulipa kodi, na hao hao ndio wanaohitaji msaada. Hapo ndipo viongozi wanapopimwa.

Mji wa Detroit ulipatwa na dhiki ya namna hiyo mara mbili katika muda wa miaka 40. Tusome yaliyotokea.

1. Dhiki ya kwanza

Mwaka 1893 biashara iliharibika katika Marekani nzima. Benki nyingi zilifungwa. Makampuni ya reli yalifilisika. Viwanda vilipunguza watu. Mjini Detroit maelfu ya vibarua walikaa bila kazi. Wengi wao walikuwa wageni waliotoka Ujerumani na Poland. Walikuwa wamekuja kutafuta maisha. Baadhi yao hawakujua hata Kiingereza.

Mji ulikuwa na tume ya kuwasaidia maskini. Fedha za tume zilitoka katika kodi. Waombaji walipoongezeka, fedha hazikutosha. Walipa kodi walilalamika kwamba mji unawalisha watu wasiofanya kazi. Maskini nao walilalamika kwamba wanataka kazi na hakuna wa kuwapa.

Meya wa mji wakati huo aliitwa Hazen Pingree. Alikuwa tajiri, mwenye kiwanda cha viatu. Matajiri wenzake walimpigia kura wakidhani atawalinda wao. Lakini Pingree alipoingia ofisini mwaka 1890, aliona jinsi makampuni makubwa yalivyokuwa yakiwaonea wananchi. Akaanza kupambana nayo.

2. Viwanja vitupu

Pingree aliona jambo moja ambalo wengine walilipita kila siku bila kuliangalia. Pembezoni mwa mji kulikuwa na viwanja vingi vitupu. Wenyewe walikuwa wamevinunua na kuviacha. Walingoja bei ipande wapate kuuza kwa faida. Viwanja viliota magugu. Na kando ya viwanja hivyo waliishi watu wenye njaa na wenye mikono mizima.

Mwaka 1894 Meya aliwaomba wenye viwanja wawaazime maskini walime viazi na maharagwe. Hakunyang'anya ardhi ya mtu. Mwenye kiwanja alibaki mwenyewe, na akitaka kujenga, alirudishiwa baada ya mavuno.

Watu wengi walimcheka. Magazeti yalimpa jina la utani la "Pingree wa Mashamba ya Viazi." Wengine walisema maskini ni wavivu, hawatalima. Wengine walisema viazi vitaibwa usiku. Meya aliyaomba makanisa ya mji yachange fedha za mbegu na za kulimia. Mchango uliopatikana ulikuwa dola 13 na senti 80 tu.

Pingree hakukata tamaa. Alimtoa farasi wake mwenyewe auzwe mnadani, na fedha zikaingia katika mfuko wa mashamba. Watu walipoona kiongozi ametangulia kutoa chake, wengine nao wakatoa.

3. Kazi ilivyopangwa

Iliundwa kamati. Msimamizi wake alikuwa ofisa wa jeshi, Kapteni Cornelius Gardener. Kamati ilipima viwanja na kuvigawa katika vipande vya kama robo eka hadi nusu eka. Ardhi ilipigwa plau. Kila familia ilipewa kipande chake, pamoja na mbegu. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuvuna ilikuwa ya familia yenyewe.

Kamati ilichapisha maelezo ya kilimo kwa lugha tatu, ili wageni nao waelewe. Hapa tuangalie vizuri, ndugu msomaji. Mbegu bila maarifa hazitoshi. Na maarifa yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mkulima haijui ni sawa na karatasi tupu.

Mwaka huo wa kwanza familia kama 3,000 ziliomba. Fedha zilitosha kuzipa mashamba familia zipatazo 945 tu. Nyingine zilirudi mikono mitupu. Eneo lote lililolimwa lilikuwa karibu eka 430.

4. Hesabu ya viazi

Tufanye hesabu pamoja. Gharama za mwaka 1894 zilikuwa kama dola 3,600. Mavuno yalikadiriwa kuwa na thamani ya dola 12,000 au zaidi.

Gawanya gharama kwa familia 945. Utaona kila familia iligharimu kama dola 4. Sasa gawanya mavuno kwa familia hizo hizo. Utaona kila familia ilipata chakula cha zaidi ya dola 12. Maana yake ni kwamba kila dola moja iliyotumika ilirudi ikiwa zaidi ya dola tatu.

Kama mji ungegawa dola zile 3,600 kwa mkono, zingeliwa kwa siku chache na kwisha. Badala yake zilileta chakula cha kuweka akiba kwa majira ya baridi. Huko majira ya baridi ni makali, theluji huanguka, na hakuna kinachoota.

Waliocheka walinyamaza. Mwaka 1895 familia zilizolima ziliongezeka. Ilipofika mwaka 1896, thamani ya mavuno ilizidi fedha zote ambazo tume ya maskini ya mji ilitoa kama msaada. Miji mingine, kama New York, Boston na Buffalo, iliiga mpango huo. Pingree mwenyewe alichaguliwa kuwa gavana wa jimbo la Michigan, akashika kazi hiyo tangu 1897 hadi 1901.

Lakini tusidanganyane. Viazi havikumaliza dhiki. Viazi havilipi kodi ya nyumba, wala havinunui nguo. Dhiki ilikwisha pale viwanda vilipofunguliwa tena. Kazi ya mashamba ilikuwa kuwavusha watu.

5. Dhiki ya pili

Detroit ulikua ukawa mji wa magari. Mwaka 1930 ulikuwa na watu zaidi ya 1,500,000. Lakini mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya kuliko wakati wowote. Mwaka huo viwanda vya Marekani vilitengeneza magari zaidi ya milioni tano. Mwaka 1932 vilitengeneza kama milioni moja na laki tatu tu. Mji unaoishi kwa magari ukakosa pa kushika.

Mwaka 1930 wananchi walimchagua meya mpya, Frank Murphy, aliyekuwa hakimu. Murphy aliahidi kwamba mji hautawaacha watu wafe njaa. Aliunda kamati ya kuwaandikisha wasio na kazi. Wanaume wasio na makao walilazwa katika majengo ya viwanda yaliyokuwa matupu. Na mwaka 1931 mashamba ya mjini yalirudishwa, kama zamani za Pingree.

Fedha zilitoka wapi? Wakati huo serikali kuu ya Marekani haikuwa na desturi ya kulipia msaada wa maskini. Mzigo ulikuwa wa mji wenyewe, na tegemeo kubwa la mji lilikuwa kodi ya ardhi na majengo. Watu wakashindwa kulipa kodi. Mji ukakopa benki.

Hapa palikuwa na matatizo makubwa matatu.

Tatizo la kwanza ni mipaka. Viwanda vikubwa vya Ford vilikuwa Dearborn na Highland Park. Hiyo ni miji mingine yenye serikali zake. Viwanda vililipa kodi huko. Lakini wafanyakazi wengi waliishi Detroit. Walipoachishwa kazi walikwenda kuomba msaada Detroit. Mmoja alipata kodi, mwingine akapata mzigo.

Tatizo la pili ni madeni. Benki zilikubali kukopesha kwa masharti. Zilitaka mji upunguze matumizi. Basi fedha za msaada zikapunguzwa, na familia nyingi zikafutwa katika orodha. Mishahara ya wafanyakazi wa mji nayo ikakatwa. Sehemu kubwa ya kodi ikawa inalipa madeni na riba kabla mtoto hajapata mkate.

Tatizo la tatu ni wizi. Mwaka 1931 iligunduliwa kwamba karani mmoja wa idara ya misaada alikuwa ameiba zaidi ya dola 200,000. Wizi huo uliwaumiza maskini mara mbili. Kwanza fedha zao ziliibwa. Pili, watu waliopinga msaada walipata la kusema.

6. Sheria za mji

Mji una uwezo wa kutunga sheria zake. Wakati wa dhiki sheria hizo huamua nani atoe na nani apate.

Sheria moja iliyoleta maneno ilihusu ukaazi. Kupata msaada Detroit ilibidi mtu awe amekaa mjini muda wa kama mwaka mmoja. Sababu yake inaeleweka. Mji uliogopa kujaa watu kutoka kila upande. Lakini njaa haimuulizi mtu amefika lini. Aliyehama kutafuta kazi alijikuta hana haki alikotoka wala alikokwenda.

Jambo jingine lilikuwa kikomo cha matumizi. Mwaka 1932 chama cha walipa kodi kilitaka sheria ya mji izuie bajeti isipite dola milioni 61. Shauri hilo lilipelekwa kwa wananchi wenyewe walipigie kura. Wakalikataa. Walijua kodi ni nzito. Lakini walijua pia kwamba kikomo kile kingekata shule, zimamoto na msaada kwa mara moja.

Hata hivyo mji haukuweza kujitosheleza. Murphy aliwaita mameya wa miji mingine wakutane Detroit mwezi Juni 1932. Kwa pamoja waliiomba serikali kuu isaidie. Mwezi Julai sheria ilipitishwa ya kuyakopesha majimbo dola milioni 300 kwa ajili ya msaada. Lakini mwezi Februari 1933 benki za Michigan zilifungwa kwa amri ya gavana, na Detroit ukashindwa kulipa madeni yake. Baadaye wafanyakazi wa mji walilipwa kwa hati zilizochapishwa na mji, ambazo maduka yalizipokea kama fedha. Mwezi Mei 1933 serikali kuu ilitenga dola milioni 500 za msaada kwa majimbo. Tangu hapo miji haikuachwa tena ibebe mzigo huo peke yake.

7. Tunajifunza nini?

Kwanza, kabla ya kuomba, tazama ulicho nacho. Pingree aliona ardhi na mikono iliyokaa bure.

Pili, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijazi ghala. Dhiki ikiwa ya nchi nzima, kijiji au mji mmoja hauwezi kuimaliza. Kuomba msaada wa serikali kuu si aibu.

Tatu, fedha za msaada zinahitaji daftari safi, na watu wengi wanaojua kusoma daftari hilo.

Nne, sheria ndogo ni jambo kubwa. Hapa Tanzania, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Lakini lazima wanakijiji waitwe mkutanoni watoe maoni, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Ukikaa nyumbani siku ya mkutano, wengine watakuamulia nani atozwe na nani asaidiwe mwaka wa njaa.

Maneno mapya

Bajeti: mpango wa mapato na matumizi.
Riba: malipo ya ziada juu ya mkopo.
Kikomo: mwisho usioruhusiwa kupitwa.
Kuidhinisha: kukubali jambo rasmi.
Sheria ndogo: sheria inayotungwa na kijiji, wilaya au mji kwa eneo lake.

Maswali

1. Kwa nini mapato ya mji hupungua wakati ule ule matumizi yanapoongezeka?
2. Pingree alipataje ardhi bila kuinunua wala kuinyang'anya?
3. Familia kama 3,000 ziliomba mashamba, na 945 zikapata. Ni familia ngapi zilikosa?
4. Viwanda vya Ford vilikuwa nje ya Detroit. Jambo hili liliuumizaje mji?

Mazungumzo ya darasa

Gawanyikeni makundi mawili. Kundi la kwanza litetee sheria ya kukaa mwaka mmoja kabla ya kupata msaada. Kundi la pili liipinge. Kisha jadilianeni: mvua zikikosekana mwaka huu, kijiji chetu kingeandika sheria gani ya kugawa chakula cha msaada? Mwanakisomo mmoja aiandike ubaoni, na wote wainakili katika madaftari yao.