Mkono wa gari: tusiukaze gari ikiwa juu

Gari ya koperative ikigongagonga kwenye mashimo, ikivuta upande mmoja, na magurudumu ya mbele yakilika upande, tuangalie mikono ya chini inayoshika magurudumu hayo. Mkono ukikatika njiani, gurudumu linalala, na watu wetu wako juu ya magunia.

Kwa gari kama Hilux tunafanya hivi:

1. Tuiweke mahali sawa, tuzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Kriki peke yake haitoshi: tuiegemeze juu ya vyuma vyenye nguvu.
2. Tutoe gurudumu. Resori iko na nguvu ya kuumiza. Tuiachie fundi mwenye vyombo.
3. Mbele ya kulegeza buloni, tutie alama ya rangi mahali zilikuwa.
4. Tuweke mkono mpya, tukaze buloni kidogo tu. Turudishe gurudumu, tushushe gari, ndipo tukaze kabisa.

Kwa nini? Sisi tulishakosea: tulikaza gari ikiwa juu. Iliposhuka, kaushu za mkono zilijipinda, zikapasuka mavuno hata hayajaisha. Tukanunua mara mbili.

Tubadilishe pande zote mbili, kisha garaji ipime kama magurudumu yamenyooka.