Mwanachuo na Daladala: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Haya yanamhusu mwanachuo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekosa chumba cha hosteli Mlimani, na wote wanaoshika safari yake mikononi.

Piga hesabu ya nauli kabla ya kulipa kodi ya chumba. Desemba 2023 nauli ya chini ya daladala ilipanda kutoka Sh500 hadi Sh600. Anayetoka Gongo la Mboto kwa magari mawili, kwenda na kurudi, hatumii chini ya Sh2,400. Hiyo ni karibu robo ya Sh10,000 ambazo Bodi ya Mikopo humpa mnufaika kwa siku, ale na alale. Asiyehesabu mapema atashinda njaa kabla bumu halijaingia.

Usishuke kimya gari linapokatisha ruti. Dereva ana hesabu ya tajiri, ndiyo, lakini wewe umelipia hadi mwisho wa njia iliyoandikwa ubavuni mwa gari. Dai nauli yako. Piga picha namba ya usajili, andika saa na kituo, peleka malalamiko LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, siku hiyohiyo. Kulalamika kijiweni hakumfikii mtu.

Usining'inie mlangoni, hata kama ni siku ya mtihani.

Usipande mishikaki. Mia tano mnayookoa kwa kubanana wawili nyuma ya bodaboda haitanunua hata bandeji. Dereva asiye na helmeti ya abiria, mwache aende.

Konda, usimshike binti kiuno ukijifanya unamsaidia kupanda. Huo ni udhalilishaji. Nanyi abiria mnaotazama dirishani, semeni! Ukimya wenu ndio unaompa ujasiri wa kurudia kesho.

Wakuu wa vyuo, msipange kipindi kinachoisha saa mbili usiku bila gari la kuwafikisha wanafunzi kituoni. Hosteli za Magufuli za Mlimani, zilizofunguliwa 2017, zilijengwa kwa wanafunzi 3,840. Waliokosa chumba wanatoka getini gizani, na ratiba mmeipanga ninyi. Wekeni taa njiani. Wekeni basi.

LATRA, msitume wakaguzi saa nne asubuhi, barabara ikiwa tupu. Ruti hukatishwa jioni, foleni ikishakaza na abiria wakishafurika. Waleteni stendi ya Mawasiliano saa kumi na mbili.