Tusile Mbegu: Somo Kutoka Bustani ya Maua ya Kitulo



Kila mkulima anajua uchungu wa kula mbegu. Mwaka wa njaa ukija, yale mahindi yaliyotundikwa juu ya meko kungoja mvua yanaanza kuangaliwa kwa jicho lingine. Leo mama anapukuchua gunzi moja, kesho lingine. Mvua inaponyesha shamba lipo, jembe lipo, lakini mbegu hakuna. Somo la leo linahusu watu waliokula mbegu bila kujua kwamba ni mbegu. Na mbegu yenyewe ni ya maua ya porini.

Najua kuna atakayeuliza, "Maua yanatuhusu nini sisi tunaotafuta karo ya watoto?" Mama mmoja aliniuliza hivyo hivyo kwenye semina, tena akaongeza, "Kwani maua tutakula?" Watu wakacheka. Kumbe jibu ni ndiyo. Kuna maua yanayoliwa, na kwa sababu hiyo karibu yaishe.

1. MAHALI PENYEWE

Kitulo ni uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ni mahali pa baridi kali. Mwezi wa Juni na Julai umande wa usiku huweza kuganda juu ya majani. Miti ni michache, sehemu kubwa ni nyasi tu.

Huko Ulaya milima hutoa maua wakati baridi kali inapokwisha, mwezi wa Mei na Juni. Kitulo huamshwa na mvua. Mvua zikianza karibu mwezi wa Novemba, nyasi zinachipua, na kuanzia Desemba mpaka Aprili uwanda wote unageuka rangi: nyeupe, njano, waridi, zambarau. Wataalamu wamehesabu hapo aina 350 hivi za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 Serikali ya Tanzania ilipafanya kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 413 hivi. Hifadhi nyingi tunazozijua zilianzishwa kwa ajili ya simba na tembo. Hii ilianzishwa kwa ajili ya maua.

Tena si maua tu. Nyasi za uwanda huo zinashika maji ya mvua na kuyaachilia polepole. Baadhi yake yanakwenda Ziwa Nyasa, mengine yanaingia mto Ruaha Mkuu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kwa hiyo aliye mbali kabisa na Kitulo anaishi kwa mlima ule bila kuujua.

2. OKIDI INAVYOISHI

Wengi wetu tumeona okidi zilizoshika juu ya matawi ya miti msituni. Za Kitulo nyingi zina kiazi kidogo chini ya udongo. Hicho ndicho ghala yake. Jua likikausha majani, au moto ukipita, kiazi kinabaki salama chini kikingoja mvua.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Ukichimba okidi wakati imetoa ua, mara nyingi utakuta viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimenyauka, kwa sababu kimelisha majani na ua la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kimejaa, nacho ni cha kuotesha mmea wa mwaka ujao. Mchimbaji anachukua kipi? Anachukua kilichojaa. Amechukua mwaka ujao.

Mtu atasema, "Si itaota tena kwa mbegu?" Ni kweli okidi hutoa mbegu nyingi sana, maelfu ndani ya tunda moja. Lakini mbegu hizo ni ndogo kama vumbi, wala hazina chakula ndani yake kama punje ya hindi. Mbegu ya okidi haiwezi kuota porini mpaka ikutane na aina fulani ya kuvu, ndugu wa uyoga, anayeishi udongoni. Huyo ndiye anayeinyonyesha. Nyingi hazikutani naye, zinakufa. Ile iliyobahatika nayo itachukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Jembe linahitaji dakika moja tu.

Kuna jambo lingine. Okidi isipokuwa na ua ni vigumu kuiona kati ya nyasi. Ni lile ua linalomwonyesha mchimbaji mahali pa kuchimba. Hivyo inang'olewa kabla mbegu hazijakomaa, na tunapoteza mara mbili.

3. NANI ANAKULA?

Katika nchi ya Zambia kuna chakula kinachoitwa chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili na magadi, kisha vikapikwa mpaka vishikane kama mkate mzito. Hukatwa vipande kama nyama. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, hasa kwa Wabemba wa kaskazini. Baadaye kikapendwa mijini, sokoni na hata mahotelini. Okidi za Zambia zikapungua, wanunuzi wakavuka mpaka kuja Tanzania. Watafiti waliochunguza biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kwamba viazi vilivyotoka Nyanda za Juu Kusini vilifikia hata milioni 4 kwa mwaka mmoja.

Tusiwahukumu wachimbaji. Ni watu kama sisi, wanaotafuta chumvi, sare za shule na dawa. Tena faida kubwa si yao. Anayechimba kwenye baridi huuza kwa bei ya chini, na broka mwenye usafiri na mtaji ndiye anayeuza kwa bei ya juu. Okidi zikiisha kwenye kilima kimoja, broka anakwenda kilima kingine. Mwanakijiji hawezi kuhama na kilima chake.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Hifadhi ilipoanzishwa, sheria ilikataza kuchimba na kulisha mifugo ndani yake. Maua yalipata mlinzi, lakini jirani alifungiwa mlango. Hapo ndipo penye somo: jamii isipojiwekea mpaka mapema, mwishowe atakuja mwingine kuweka mpaka, na hutaulizwa upitie wapi.

4. UA MOJA LILILOLINDWA

Msidhani tabia hii ni ya Waafrika tu. Uingereza wana okidi moja nzuri inayotoa ua mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni. Ua lake ni la njano, lina umbo la kiatu. Watu waliichimba miaka mingi, wengine kwa bustani zao, wengine kuuza. Kufikia mwaka 1917 ilitangazwa kwamba imekwisha kabisa nchini humo. Mwaka 1930 mmea mmoja ukaonekana katika milima ya Yorkshire. Mmoja tu! Waliojua mahali pale walifunga midomo, na kwa miaka mingi watu wa kujitolea walikesha hapo wakati wa ua. Baadaye wataalamu wa bustani ya Kew walifaulu kuotesha miche katika maabara. Miche ya kwanza ilipandwa porini mwaka 1989, na ua la kwanza likatoka mwaka 2000, yaani miaka 11 baadaye. Gharama na jasho vyote hivyo vilitokana na kuchukua bila kuhesabu.

5. NA SISI JE?

Kwetu Kenya tumeyaona haya kwa msandali. Mafuta yake yanayouzwa yako kwenye mzizi na moyo wa mti, kwa hiyo wanaotaka pesa ya haraka wanaung'oa mti mzima. Mwaka 2007 Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake, lakini magendo hayakukoma. Broka ni yule yule, ila mzigo umebadilika.

Kikundi chenu kinaweza kuanza hivi:

(a) Tembeeni pamoja kwenye kilima au msitu wenu, na wazee wawepo. Andikeni kila kinachochukuliwa hapo: dawa, kuni, asali, nyasi, uyoga.

(b) Kwa kila kimoja ulizeni: tunachukua tunda, au tunachukua mama? Anayechuma tunda anaweza kurudi mwakani. Anayeng'oa mzizi amefunga duka.

(c) Wekeni sheria chache zinazokumbukwa na wote: wakati wa kuvuna, kiasi, na sehemu ya kupumzisha. Karani aziandike katika kitabu cha kikundi.

(d) Kama ni msitu wa Serikali, jiungeni na chama cha jamii cha misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kufanya makubaliano na Shirika la Misitu (KFS). Msingoje mlango ufungwe.

(e) Broka akija na bei nzuri, asikutane na mtu mmoja mmoja gizani. Akutane na kikundi, mchana.

Yule mama wa semina, tulipomaliza, alisema neno moja: "Kumbe tulikuwa tunachimba kesho." Sikuwa na la kuongeza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni kitu gani kilikuwa kingi hapa wakati wa utoto wetu, na sasa hakionekani? Kilikwenda wapi, na nani alifaidika?

2. Je, kuna kitu tunachouza sasa ambacho ni mbegu?

3. Familia ikiwa na shida ya karo leo, kikundi kitaisaidiaje ili isilazimike kwenda kung'oa?

4. Ni sheria gani moja tunaweza kukubaliana kabla ya mkutano ujao?