Mashua Mbili Zifananazo: Ipi Ifaayo Bwawa la Masinga?

Nchi ya Embu iko mbali na bahari, lakini ina wavuvi tangu Mto Tana ulipozuiwa kwa ajili ya umeme. Bwawa la Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, la Kamburu mwaka 1974, na la Masinga, lililo kubwa kuliko yote, mwaka 1981. Masinga likijaa hufunika kilomita za mraba zipatazo 120. Huko Mbeere, ambako wazee walijua mbuzi na mtama, vijana huvua ngege na kambare. Ufundi wa mashua hawakuurithi, na kwa hiyo ni rahisi kudanganywa wanunuapo.

Mathalani mvuvi aonyeshwa mashua mbili za mbao, urefu mmoja, rangi moja na bei moja. Zikipinduliwa, tofauti yaonekana: moja ina tako bapa, ya pili ina mkuku. Ile bapa hupita penye maji haba, wala haiyumbi upesi mtu asimamapo kuvuta wavu. Tena ni nyepesi kuburura, jambo kubwa katika bwawa ambalo maji yake hupungua wakati wa kiangazi na kuacha tope pana ufuoni. Lakini upepo ukivuma huisukuma upande, na mawimbi huipiga kwa kishindo. Yenye mkuku hushika njia yake na kukata wimbi, ila yataka maji marefu zaidi. Basi mwenye kutega nyavu katika vihori karibu na ufuo na achague bapa, mradi mbavu zake ziwe ndefu. Avukaye hadi ng'ambo ya Machakos na achague yenye mkuku.

Rangi mpya isimpumbaze. Achome mbao kwa ncha ya kisu, hasa karibu na misumari na penye maungio. Kisu kikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Weusi kuzunguka msumari mara nyingi ni dalili ya kutu. Kisha mashua itiwe majini. Iliyokaa juani siku nyingi huvuja kidogo mwanzoni, nayo isikataliwe kwa sababu hiyo, maana mbao hunywa maji, zikavimba na kuziba. Ikiendelea kuvuja baada ya kulala majini usiku kucha, hiyo yataka kalafati mpya, na bei ipunguzwe.

Jaribio lipitalo yote ni la mzigo. Zipakiwe gunia za mchanga zenye uzito wa watu wawili, nyavu zilizolowa na samaki wa siku njema, kisha upimwe ubavu uliobaki juu ya maji. Ukiwa haufiki shubiri mbili, mashua hiyo iachwe, hata ikiwa rahisi. Masinga ina mamba na viboko, na mtu aliyeanguka majini hana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Fedha zitakazosalia zinunue majaketi ya kuokolea, moja kwa kila mtu, na kopo la kukumbia maji.