Rukwa Haina Mlango wa Kutokea: Mwongozo wa Mazingira kwa Mkazi wa Tunduma na Songwe

Mkoa wa Songwe una mito miwili yenye jina moja. Songwe wa kwanza hupita kwenye mpaka wa Ileje na Malawi na kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Songwe wa pili hushuka kaskazini hadi Ziwa Rukwa, na Mto Momba nao huishia huko huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji ya Mbozi, Momba na Wilaya ya Songwe mwisho wake ni ziwa moja, na ziwa hilo halina mto hata mmoja unaotoka. Maji ya Rukwa huondoka kwa kukaushwa na jua. Tope, sumu na taka zilizobebwa na mito hubaki humo humo.

Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Kinachomwagwa juu, kwenye mashamba ya kahawa au machimboni, hushuka kwa mvuvi wa bondeni na kurudi mezani kwetu ndani ya samaki. Makala hii inaeleza tunavyoyagusa mazingira ya mkoa wetu kila siku, na hatua ambazo kila mmoja anaweza kuzichukua.

Watu wameongezeka, ardhi ni ile ile

Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Katika sensa ya mwaka 2012, Mji wa Tunduma ulikuwa na watu wasiofika 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 200,000. Ndani ya miaka kumi tu, mji umezidi mara mbili. Wafanyabiashara, madereva, mafundi na mama lishe wamefuata mpaka, kwa kuwa hapa ndipo mizigo mingi ya Bandari ya Dar es Salaam inapovuka kwenda Zambia na Kongo.

Kila aliyekuja anahitaji maji, chakula, moto wa kupikia na mahali pa kutupa taka. Mahitaji hayo ni haki yake. Madhara huanza tunapochukua haraka kuliko ardhi inavyoweza kurudisha: mti uliokua miaka ishirini huisha jikoni kwa wiki chache, na chemchemi iliyohudumia kaya hamsini huelemewa na kaya mia tano.

Nyumbani: maji, moto na taka

Tunduma ina shida ya maji ya siku nyingi, ilhali mvua zikianza Novemba maji mengi hupita juu ya mabati yetu na kuishia mitaroni. Chukua nyumba yenye bati la mita za mraba 50. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, lita 500 hushuka. Hata tukipoteza moja ya tano, zinabaki lita 400, yaani madumu 20 ya lita ishirini kwa mvua moja. Funga mfereji wa bati ukingoni mwa paa, elekeza maji kwenye simtanki au pipa lenye mfuniko, na acha maji ya mwanzo yapite kwa sababu yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Jikoni, kumbuka kwamba tanuri la udongo la kienyeji hutumia kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Kila gunia unalookoa ni msitu unaobaki Momba au Songwe. Loweka maharage usiku kucha ili yaive mapema. Funika sufuria. Tumia jiko banifu lenye kuta za udongo, na ukiweza hamia kwenye gesi au umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Anayenufaika wa kwanza ni mama anayevuta moshi wa kuni na mkaa kila siku.

Taka zitenganishe tangu nyumbani. Maganda na mabaki ya chakula yafukiwe yawe mbolea. Chupa na vyuma wapewe waokotaji wanaouza. Plastiki usiichome, maana moshi wake una sumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na anayekutwa akiitumia anaweza kutozwa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000. Sisi wa mpakani tusiwe njia ya kuirudisha.

Shambani: zuia tope lisiondoke

Mto ukiwa mwekundu baada ya mvua, kinachopita pale ni shamba la mtu. Katika miteremko ya Ileje na Mbozi, lima matuta ya kukata mteremko, usiyashushe kuelekea bondeni. Kwenye makinga maji panda mabingobingo: mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha ng'ombe. Mabua ya mahindi usiyachome. Yatandaze yafunike ardhi.

Wakulima wa kahawa wana jambo lao. Maji yaliyooshea kahawa mbivu yana sukari na uchachu. Yakiingia mtoni, vijidudu vinavyoila sukari hiyo humaliza oksijeni na samaki hukosa pumzi. Chama cha msingi kichimbe mashimo ya kupokea maji hayo mbali na mto, na maganda yaozeshwe yarudi shambani kama mbolea. Mikaratusi ipandwe mbali na vyanzo vya maji, kwani hunywa maji mengi. Karibu na chemchemi, acha miti ya asili.

Machimboni: zebaki haipotei

Wilaya ya Songwe imo katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, uliochimbwa tangu miaka ya 1920. Wachimbaji wadogo wengi bado hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma hadharani. Zebaki hupanda na moshi na kumwingia mchomaji, mkewe na mtoto aliyeketi pembeni. Inayobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, husombwa na mvua hadi mtoni, na huko viumbe vidogo huigeuza sumu inayojikusanya kwenye samaki. Zebaki huharibu ubongo na figo, na humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni.

Usiishike zebaki kwa mikono mitupu. Usiichome nyumbani wala karibu na chakula. Tumia chombo kilichofungwa kiitwacho ritoti, kinachorudisha mvuke kuwa zebaki tena, ili usipumue sumu na usinunue nyingine mara kwa mara. Marudio yawekwe mbali na mto.

Barabarani na gereji

Dereva, foleni ikisimama zima injini: unaokoa dizeli yako na mapafu ya watoto wa jirani. Fundi, oili chafu iweke kwenye pipa lenye mfuniko umpe mnunuzi. Ukiimwaga mtaroni inafika kisimani. Kwa upande wa taifa, reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, hupita hapa hapa Tunduma, na treni hubeba tani moja kwa mafuta kidogo kuliko lori. Kila hatua ya kuifufua inaupunguzia mji huu moshi.

Kijiji kikikubaliana

Wapo wanaosema ardhi iliyochoka hairudi. Shinyanga walionyesha kwamba hurudi. Kuanzia mwaka 1986, chini ya mradi wa kuhifadhi ardhi uitwao HASHI, wanavijiji walifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili: eneo hufungwa wakati wa mvua, majani na miti hukua, kisha hufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Maelfu ya hekta yaliyokuwa jangwa yalirudi kuwa kijani. Familia nyingi za Kisukuma sasa zinaishi bonde la Rukwa, hivyo elimu hiyo tunayo miongoni mwetu.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na inatambua kamati za mazingira za vijiji. Ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji: kamati yetu ipo? Chemchemi yetu imewekewa mipaka? Anayekata miti juu yake anachukuliwa hatua gani? Mkiona uchafuzi, mpelekeeni taarifa ofisa mazingira wa halmashauri au Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa.

Ndugu msomaji, chagua jambo moja katika haya na ulifanye kabla mvua za Novemba hazijafika: mfereji mmoja kwenye paa, tuta moja la makinga maji, au pipa moja la oili chafu. Tutakachomwaga mwaka huu, Rukwa itakuwa nacho na wajukuu wetu watakikuta.