Kutoka hongo hadi viza

Misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kuja kwetu Tabora, ililipa hongo kwa watemi wa Ugogo: nguo na shanga. Mwaka 1871 Mirambo akaifunga njia ya Ujiji, misafara ikakwama. Leo hongo ni rushwa, ila njia bado ina masharti yake.

Nilipoomba viza ya masomo ya Uingereza, nilijua hela ikiwepo benki inatosha. Kumbe lazima ikae siku 28 mfululizo bila kupungua kiwango. Mjomba aliniwekea, nami nikatuma maombi siku ya 20. Nikakataliwa, ada ya viza ikaenda, mwaka ukapotea. Jamani, hesabuni siku kwanza, pimeni kifua kikuu (cheti chake hudumu miezi 6), ndipo mtume fomu.