Mpilipili Manga: Namna ya Kuutambua na Kuchagua Pingili

Pilipili manga haina undugu na pilipili hoho wala pilipili kichaa, ambazo ni za ukoo wa nyanya na biringanya. Yenyewe ni ya familia ya Piperasea, yenye spishi zaidi ya 3,000. Jamaa yake anayejulikana sana Pwani ni mtambuu, ambao majani yake hutafunwa kwa popoo na chokaa. Asili ya mpilipili manga ni kusini-magharibi mwa India, lakini umestawi pia Unguja, Pemba na Muheza.

Shina na matawi

Papasa shina. Kila panapoota jani pamevimba kifundo, na hapo hutoka mizizi mifupi inayong'ang'ania gome la mti ambao mmea unaupanda, kama mfenesi au mgrivilea. Mizizi hii hushika tu, hainyonyi mti; maji na chakula mmea huvipata ardhini. Usiibandue unapopalilia.

Sasa tazama matawi ya pembeni. Hayana mizizi ya kushikia, na ndiyo yanayozaa. Tofauti hii ndiyo tunayomwomba kila mkulima aishike vizuri, kwa sababu pingili hukumbuka ilikotoka. Iliyokatwa kwenye shina linalopanda, au kwenye marando yanayotambaa chini, itapanda mti. Iliyokatwa kwenye tawi la pembeni itazaa kichaka kifupi, kinachofaa kwenye ndoo barazani lakini kisichopanda nguzo ya shambani. Wapo wanaosubiri mmea upande, kumbe kosa lilifanyika siku ya kukata pingili.

Jani, ua na tunda

Majani huota kwa kupishana, moja kwa kila kifundo, na mishipa yake mikuu huanzia karibu na kikonyo. Ukilifikicha jani, litanukia.

Shada la maua hutokea upande wa pili wa jani na kuning'inia. Maua ni madogo mno, hayana petali wala sepali. Kwenye mipilipili ya shambani ua moja kwa kawaida huwa na sehemu za kiume na za kike, na matone ya mvua husaidia kuteremsha chavua kutoka ua hadi ua.

Kila tunda lina mbegu moja. Vuna shada punje moja au mbili zinapoanza kuwa nyekundu, uanike juani: ganda litasinyaa na kuwa jeusi. Pilipili nyeupe hutoka kwenye mmea huohuo; punje zilizoiva hulowekwa majini, ganda likaondolewa, kisha zikakaushwa.